TUCHORE RAMANI YA MUZIKI: VIJANA WETU WAJIFUNZIE WAPI?



Tarehe 1 Juni 2024 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika hapa kwetu Kanduyi, katika Uwanja wa Masinde Muliro. Wengi wenu mlikuwepo. Waliokosa nafasi ya kuingia walisimama nje wakisikiliza. Bendi za majeshi zilipoanza, watoto waliacha kutafuna miwa wakanyamaza. Mvulana mmoja wa miaka kama kumi na miwili aliyesimama karibu nasi akauliza, "Hao walisomea wapi?" Mama mmoja akamjibu, "Ni watu wa serikali hao." Mtoto hakuridhika. "Lakini kabla ya kuwa wa serikali, ni nani aliwafundisha?"

Tukaangaliana. Sisi tunaotembelea vikundi kila wiki tunajua mtu akitaka kujifunza kushona aende wapi. Akitaka ng'ombe wa gredi tunajua amuulize nani. Lakini kuhusu muziki hatukuwa na jibu, na hali kila Jumapili tunaimba, kila harusi tunacheza, na kila matanga tunakesha na nyimbo. Kumbe jambo tunalolitumia kila siku ndilo tusilojua linafundishwa wapi.

Makala haya yametokana na swali la mtoto yule. Tunataka kueleza jinsi kikundi chochote kinavyoweza kuchora ramani ya muziki: ni nani anajua, ala ziko wapi, vijana wanajifunzia wapi, na kutoka hapo njia inaelekea wapi katika nchi nzima. Kazi yenyewe haihitaji pesa. Inahitaji mchana mmoja, majivu, punje za mahindi na watu wanaosema ukweli.

KWA NINI RAMANI?

Wengine watasema, "Vijana wanahitaji kazi, nyinyi mnatuletea habari za ngoma." Ni swali la haki. Hatudai kwamba muziki utamlisha kila kijana. Lakini wako wenye kipawa hicho, na kipawa kisichopata mwalimu hupotea kama mbegu iliyoanguka barabarani. Wanaoishi kwa muziki nchini, wawe walimu, wapigaji wa bendi, waongozaji wa kwaya, mafundi wa studio au waundaji wa ala, wote walipitia mahali fulani. Mtoto wa mjini mwenye wazazi wanaojiweza huonyeshwa mahali hapo. Mtoto wa kijijini huambiwa, "Ni watu wa serikali."

Nchi nyingine zimeona shida hiyo hiyo. Huko Uingereza, mwaka 2011 serikali ilichapisha mpango wa taifa wa elimu ya muziki. Kuanzia 2012 kila eneo likapewa kituo cha kuunganisha shule, walimu na vikundi, kwa sababu mtoto wa eneo moja alikuwa akipata mengi na wa eneo lingine hapati kitu. Ikiwa nchi tajiri iliona haja ya kujua ni nani anapata na ni nani anakosa, sisi je? Lakini hatuhitaji kungojea serikali itupimie kijiji chetu. Kijiji tunakijua.

NJIA ILIKATIKA WAPI?

Kabla ya kuchora, ni vizuri tukumbuke tulikotoka, tusije tukalaumiana bure.

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927. Nchi ilipojiandaa kupata uhuru, kamati ndogo ya wanamuziki ilipewa kazi ya kutafuta wimbo wa taifa. Miongoni mwao walikuwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Tuni waliyoichagua mwaka 1963 ilitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana. Ilikuwa wimbo wa mama wa kubembeleza mtoto. Hebu fikirini: wimbo tunaousimamia wima hadi leo ulitoka mgongoni mwa mama wa kijijini. Asiseme mtu tena kwamba kijijini hakuna muziki wa maana.

Mwaka 1984 tume iliyoongozwa na Washington Omondi ilitoa ripoti yake kuhusu hali ya muziki nchini, na mwaka 1988 Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki ikaanzishwa. Wakati huo huo mtaala wa 8-4-4 ulikuwa umeanza, mwaka 1985, na muziki ukafundishwa katika shule za msingi na kutahiniwa darasa la nane pamoja na sanaa na ufundi. Wengi wetu tunakumbuka rekoda za plastiki na nyumba zilizojaa kelele jioni. Walimu wengine hawakuwa wamejifunza muziki, wakafundisha walivyoweza. Mapema miaka ya 2000 muziki ukaondolewa katika mtihani wa darasa la nane. Basi mjuavyo wenyewe: kisichotahiniwa hakifundishwi. Mwalimu wa muziki akapewa hesabu, na rekoda zikawa za kuchezea.

Mtaala mpya wa umilisi ulioanza madarasa ya chini miaka ya 2017 hadi 2019 umerudisha mlango. Katika sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi 9, muziki umo ndani ya somo la Sanaa Bunifu na Michezo. Katika sekondari ya juu, mwanafunzi anaweza kuchagua njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo, na humo kuna somo la Muziki na Dansi. Kwa hiyo katika karatasi njia ipo. Kazi yetu ni kuangalia kama inafika kijijini.

JINSI YA KUCHORA RAMANI

Iteni mkutano mahali penye uwanja wazi na kivuli. Msiwaite wanachama peke yao. Waiteni waalimu wa kwaya wa madhehebu yote, mwalimu wa shule ya msingi na wa sekondari, wazee wanaopiga ala za jadi, kina mama wanaoongoza nyimbo za harusi na matanga, wenye spika za kukodisha, na vijana wenyewe, wavulana kwa wasichana. Watoto wasifukuzwe. Mara nyingi ndio wanaojua ni nani ana gitaa.

Kisha fuateni hatua hizi:

1. Kwa majivu, choreni chini barabara, mto, makanisa, msikiti, shule, soko na zahanati. Acheni kijana mmoja na mama mmoja wachore, wengine wasahihishe.

2. Mahali penye mtu anayejua muziki na anayeweza kumfundisha mwingine, wekeni punje ya hindi. Mtu huyo si lazima awe na cheti. Anayejua kusoma solfa ni punje. Anayejua litungu ni punje. Anayejua kurekodi kwa simu na kompyuta naye ni punje.

3. Mahali penye ala inayopigika, wekeni haragwe. Ala iliyoharibika pia ihesabiwe, lakini kwa haragwe lililovunjika.

4. Mahali vijana wanapopata nafasi ya kupiga au kuimba mbele ya watu, wekeni jani: kwaya, harusi, tamasha la shule, siku ya soko, baraza.

5. Mahali penye kizuizi, wekeni jiwe. Kizuizi kinaweza kuwa ada, umbali, mlango uliofungwa, mzazi anayekataza, au desturi.

6. Sasa chukueni vipande vya kamba ya katani. Kila mahali ambapo kijana anatoka hatua moja kwenda nyingine kwa kweli, unganisheni kwa kamba. Kwa mfano, watoto wakienda kwa mzee fulani kujifunza, kamba itoke shuleni hadi kwa mzee. Kama hawaendi, msiweke kamba. Msiweke kamba ya "wanaweza kwenda". Wekeni ya "wanaenda".

7. Mkimaliza, mmoja anakili ramani yote katika karatasi ya manila na kuandika tarehe. Ibandikeni mahali watu wanapokutana.

Hatua ya sita ndiyo yenye kazi. Hapo ndipo ukweli hutoka.

TULIYOYAONA SISI

Tulipofanya zoezi hili na vikundi vya upande wetu, kila mtu alikuja akiwa na wazo moja: shida yetu ni vifaa, tuandike barua tuombe vifaa. Tulipomaliza, uwanja ulikuwa na punje nyingi na maharagwe si haba. Kilichokosekana ni kamba.

Tukaona askari mstaafu aliyepuliza tarumbeta katika bendi kwa miaka mingi. Amerudi nyumbani anafuga kuku. Hakuna aliyewahi kumuomba afundishe, na yeye hakuona haja ya kujitangaza. Hatua chache kutoka kwake kulikuwa na kanisa lenye tarumbeta mbili kuukuu ambazo hakuna anayezijua. Punje hapa, haragwe pale, na katikati njia ya kupitisha mbuzi tu.

Tukaona pia wazee wapigao litungu, kinubi chetu cha nyuzi saba au nane, na mmoja anayejua siilili, aina ya zeze. Wazee hawa hukumbukwa kwenye arusi kubwa na kila mwaka wa shufwa, Agosti ya tohara inapofika, chinyimba zinapolia vijijini. Mwezi ukiisha wanasahauliwa tena. Jirani zetu Waisukha na Waidakho wa Kakamega walipata onyo kubwa: mwaka 2014 ngoma yao ya isukuti iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Maana yake si kwamba isukuti ni maarufu tu. Maana yake ni kwamba wanaoirithi wanapungua. Ikiwa isukuti, inayojulikana nchi nzima, iko katika hatari hiyo, litungu la mzee wetu liko wapi?

Na tuliona kosa letu wenyewe. Kikundi kimoja, ambacho sisi tuliosimamia mafunzo yake tulikaa katika kamati, kilifanya harambee na kununua kinanda. Tulipiga makofi. Kijana mmoja tu ndiye aliyejua kukipiga. Alipopata kazi Nairobi, akaondoka, na kinanda kikafunikwa kitambaa cha meza. Tulipokifunua siku ya ramani, panya walikuwa wamekula waya. Tulinunua haragwe bila kuuliza habari za punje. Laiti kijana yule angefundisha wawili kabla ya kuondoka! Lakini hakuna aliyemwambia, na sisi ndio tuliopaswa kumwambia.

AINA TATU ZA MAPENGO NA DAWA YAKE

Baada ya kuchora, angalieni mapengo. Kwa kawaida ni ya aina tatu.

La kwanza ni mtu bila ala. Anajua, lakini hana cha kufundishia. Hapa kikundi kiulize ni nani ana ala isiyotumika. Shule na makanisa mengi yana vitu stoo. Andikeni makubaliano: ala inakaa kwa nani, inatumika siku gani, ikiharibika analipa nani. Bila maandishi mtagombana. Ala za jadi zinaundwa hapa hapa, na kijana anayejifunza kuunda litungu au ngoma amepata kazi mbili kwa pamoja.

La pili ni ala bila mtu. Msinunue kitu kingine kabla ya kupata mwalimu. Yeyote anayefundishwa kwa mali ya kikundi aahidi kufundisha wengine wawili. Iwe sheria, si ombi.

La tatu ni wote wapo lakini mtoto hafiki. Hapa kuna mawe. Jiwe moja kubwa tuliloliona ni la wasichana. Kwa desturi litungu limekuwa mikononi mwa wanaume, na msichana akiligusa watu wanacheka. Jiwe lingine ni la watoto wenye ulemavu, ambao mara nyingi wanafichwa, na hali wengine masikio yao ni makali kuliko ya sisi sote. Mawe haya hayaondolewi na mfadhili. Yanaondolewa na mazungumzo, na mzee mwenyewe akisema, "Mwache aje," jiwe limekwisha.

Neno kuhusu malipo. Msimtumie mzee bure. Naye ana shamba na ana mahitaji. Kama hamna pesa, vijana wampalilie mahindi Jumamosi moja, yeye awape masomo mawili. Hivyo ndivyo ufundi ulivyopokezanwa zamani, na heshima ikabaki pande zote mbili.

NGAZI KUTOKA KIJIJINI HADI TAIFA

Ramani ya kijiji ikiisha, choreni ya pili iliyo kama ngazi. Hii hapa mifano ya vidato vyake. Kila kikundi kiongeze vya kwao.

Kidato cha kwanza: kijijini. Kwaya, shule, wazee. Hapa mtoto hujifunza kusikiliza, kushika sauti yake kati ya sauti nne, na kutunza muda. Kwaya iliyo na mwalimu mzuri wa solfa ni shule kamili, tena haina karo.

Kidato cha pili: matamasha. Tamasha la Muziki la Kenya ni la shule na vyuo. Huanza ngazi za chini hadi kaunti, mkoa na taifa. Lina nyimbo za jadi, kwaya, ngoma, ushairi, na ala, za kwetu na za kigeni. Watu wengi huenda kushangilia tu. Sisi tunawashauri muende na daftari. Waamuzi huelezea mbele ya watu ni wapi kikundi kimekosea na wapi kimefaulu. Hayo ni mafunzo ya wataalamu bila malipo.

Na vijana walioacha shule je? Wengi hawajui kwamba kuna tamasha lingine, Tamasha la Muziki na Utamaduni la Kenya, linalosimamiwa na Idara ya Utamaduni. Hili linapokea vikundi vya jamii, vya ngoma na vya kwaya. Kikundi chenu cha kujitegemea kinaweza kushiriki. Ulizeni katika ofisi ya utamaduni ya kaunti mapema, kwa sababu matangazo huchelewa kufika vijijini. Hakikisheni cheti cha kikundi kiko sawa. Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, vikundi husajiliwa chini ya sheria hiyo katika ofisi ya maendeleo ya jamii.

Kidato cha tatu: sekondari. Wale wa 8-4-4 waliobaki wanaweza kufanya muziki katika KCSE shule ikiwa na mwalimu, na mtihani wake una sehemu ya kupiga au kuimba, ya kusikiliza, na ya nadharia. Kwa mtaala mpya ni njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambayo tutaieleza hapa chini.

Kidato cha nne: vyuo. Chuo Kikuu cha Kenyatta kinafundisha muziki hadi shahada. Kwa upande wetu wa magharibi kilicho karibu ni Maseno. Kabarak, karibu na Nakuru, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, Nairobi, pia vina masomo ya muziki. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, shule ya muziki iliyoanzishwa mwaka 1944, ambapo mtu hujifunza ala moja moja na kuandaliwa kwa mitihani ya kimataifa. Lakini Nairobi ni karibu kilomita 400 kutoka Kanduyi, na ndiyo maana vidato vya chini ni lazima viwe imara. Hakuna anayepanda ngazi kwa kuruka.

Kidato cha tano: kazi. Jeshi, polisi, magereza na Huduma ya Vijana kwa Taifa zina bendi. Tangazo la kuandikisha likitoka, someni masharti yenyewe, na atakayewaomba pesa ili mtoto achukuliwe ni mwizi. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa 1971, ilitoa kazi kwa wachezaji wa ngoma za jadi wa makabila mengi. Kuna ualimu, kuna studio, kuna kuongoza kwaya, kuna kupiga harusini. Na mtungaji ajue kwamba wimbo aliouandika au kuurekodi ni mali yake. Anaweza kuuandikisha kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ili awe na ushahidi. Nyimbo za jadi nazo ni za jamii nzima, na iko sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Mgeni akija kurekodi wazee, karibisheni, lakini ulizeni kwanza: itatumika wapi, na jamii itapata nini?

NI NANI TUMUULIZE NINI?

Mara nyingi tunapiga mlango usio wetu. Kwa Katiba ya 2010, kaunti inasimamia chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na shughuli za utamaduni. Serikali ya taifa inasimamia shule za msingi na sekondari, na walimu huajiriwa na Tume ya TSC. Kwa hiyo ukitaka litungu lifundishwe katika chuo cha ufundi cha kijiji, au ukumbi wa mazoezi, nenda kaunti, na uende wakati wananchi wanapoitwa kutoa maoni kuhusu bajeti. Ukitaka mwalimu wa muziki katika sekondari, zungumza na bodi ya shule na ofisi ya elimu. Nendeni na ramani mkononi. Mtu mwenye karatasi ya manila yenye punje na mawe husikilizwa zaidi ya mwenye malalamiko.

WALIOANZA NA KIDOGO

Wengine watauliza kama jambo hili linawezekana kwa watu maskini. Tunawapa mfano wa Korogocho, Nairobi, kando ya jaa la Dandora. Mwaka 2008, katika eneo la Parokia ya Mtakatifu Yohane, Elizabeth Njoroge alianzisha mafunzo ya muziki kwa watoto wachache wa mtaa ule. Yakaitwa Ghetto Classics. Leo yamekua hadi watoto wengi, yana okestra, na yamefika Mombasa. Baadhi ya waliojifunza pale wakawa walimu wa wadogo zao. Angalieni kamba ilivyofungwa: kanisa lilitoa mahali, wataalamu wakatoa muda, na mwanafunzi akawa mwalimu. Ndiyo ile sheria ya kufundisha wawili.

Na hapa magharibi, katika miaka ya 1950, George Mukabi wa Kisa alipiga gitaa la omutibo likasikika kila mahali penye redio. Wakati huo hapakuwa na chuo cha gitaa kijijini. Watu walijifunza kwa kuangalia vidole vya wenzao. Kipawa kilikuwepo, na mtu wa kumwangalia alikuwepo.

MSINGOJE GREDI YA 9 IISHE

Sasa jambo la haraka. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya walifanya mtihani wa Gredi ya 9 mwaka 2025 na kuingia Gredi ya 10 mwaka 2026. Kabla ya kuvuka, mwanafunzi huchagua njia moja kati ya tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ya Sayansi za Jamii; au ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Shule zote zinatakiwa kutoa ile ya sayansi. Ile ya sanaa haipo kila shule. Mzazi asiyeuliza mapema anaweza kujikuta mtoto wake mwenye kipawa amepelekwa mahali ambapo hakuna mwalimu wa muziki hata mmoja.

Kwa hiyo ramani yenu ionyeshe pia ni shule zipi za karibu zenye njia ya sanaa, na kama zina mwalimu na ala kweli au jina tu. Tumeni watu wawili waende wakaone kwa macho. Kuuliza si ujinga.

Tuwe wakweli pia. Kijana wa muziki afundishwe kuweka hesabu na kuwa na kazi ya pili mkononi, kwa maana msimu wa harusi una mwisho. Msimlazimishe asiyependa, na msimkatishe tamaa anayependa. Mpeni miaka michache ya kujaribu chini ya mtu anayejua. Hapo yeye mwenyewe ataona.

Yule mvulana wa uwanjani hatukumpata tena. Tulimtafuta kwa siku kadhaa tukiwauliza walimu, lakini siku ile watoto walitoka kila pembe. Mwalimu wa tarumbeta tumempata. Sasa anafundisha watoto saba siku ya Jumamosi, wasichana watatu wakiwemo, kwa zile tarumbeta mbili kuukuu, kwa zamu. Akitokea mtoto mwingine wa kuuliza, tunalo jibu, na tunajua nyumba ya kumpeleka.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu ni nani anajua muziki ambaye hatujawahi kumuomba afundishe? Kwa nini hatujamuomba?

2. Ni ala zipi zimefungiwa? Ufunguo uko kwa nani?

3. Ni watoto gani hawafiki kwenye mafunzo, na ni jiwe gani linawazuia?

4. Mzee wetu wa litungu akituacha mwaka huu, ni nani atapiga mwaka ujao?

5. Ni kamba gani moja tunaweza kuifunga kabla ya mkutano ujao, bila kuomba pesa kwa mtu yeyote?

Chagueni kamba moja tu, andikeni jina la atakayeifunga na tarehe. Vikundi vitakavyochora ramani vituletee nakala katika ofisi ya maendeleo ya parokia. Tutaziunganisha, kijiji kwa kijiji, kutoka Kanduyi hadi upande wa Kitale, ili mtoto wa huku ajue mwalimu aliye kule.